Mbao za Merigi: Thamani ya mti hupotea baada ya kukatwa

KABATI hununuliwa likiwa limenyooka, lakini baada ya miezi michache milango yake hukataa kufunga. Lawama humwendea seremala aliyeliunda. Hata hivyo, mara nyingi kosa huwa lilitendeka mapema zaidi, katika majuma ya kwanza baada ya mti kuangushwa.

Suala hilo lina uzito katika wadi ya Merigi, Kaunti ya Bomet, ambako mikaratusi na migrevilea humea kandokando ya mashamba ya majani chai. Viwanda vya chai vya maeneo hayo hutumia kuni kuzalisha mvuke wa kukausha majani, na hivyo mkulima hapati shida kuuza mti wake kama kuni. Mti uliotunzwa kwa miaka mingi huishia tanurini, ilhali ungeweza kuwa meza au kitanda.

Mbao za mashambani zilipata umuhimu zaidi mnamo Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Julai 2023, Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo, lakini kwa zaidi ya miaka mitano mafundi walikuwa wameyategemea sana mashamba ya wakulima.

Hasara ya kwanza hutokea wakati wa kupasua. Msumeno wa injini unaoshikwa kwa mikono hula takriban sentimita moja ya mti katika kila mkato, ilhali msumeno wa ukanda wa kiwandani hula milimita mbili au tatu pekee. Katika mikato kumi, tofauti hiyo hutosha kutoa mbao mbili au tatu zaidi.

Mkaratusi una tatizo jingine. Sehemu ya nje ya shina huwa imevutika huku ya ndani ikiwa imebanwa. Msumeno unapoitenganisha, mbao hupinda papo hapo na ncha kupasuka. Mpasuaji stadi huligeuza gogo mara kwa mara, akikata upande huu kisha ule wa pili, ili nguvu hizo zilegee kwa usawa.

Hatua ya kukausha ndiyo inayohitaji subira. Maji yaliyomo ndani ya ubao mbichi yaweza kukaribia uzito wa ubao huo ukiwa mkavu kabisa. Unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi, ubao huanza kunywea, na haunywei sawasawa pande zote. Hiyo ndiyo sababu ya kupinda. Mbao za fanicha za ndani ya nyumba zinafaa kuwa na unyevu wa takriban asilimia 12.

Kuzianika juani si dawa, kwani uso hukauka upesi kuliko kiini na nyufa hutokea. Mbao hupangwa kivulini chini ya paa, zikiinuliwa kutoka ardhini. Kati ya safu na safu huwekwa vijiti vikavu vya unene sawa, kimoja juu ya kingine kwa mstari wima, ili hewa ipite. Ncha hupakwa rangi, na mawe mazito huwekwa juu ya rundo kuzuia kupinda. Kazi hiyo huchukua miezi kadhaa.

Hewa ya nyanda za chai ina unyevu mwingi, hasa msimu wa mvua za Machi hadi Mei. Kwa hivyo, mbao zilizokauka nje huhitaji majuma kadhaa zaidi ndani ya karakana kavu kabla ya kuundwa chochote.

Kupima ni rahisi. Kipande kidogo hukatwa katikati ya ubao, mbali na ncha, kikapimwa uzito, kisha kikakaushwa kwenye joko lenye joto la nyuzi 103 hadi uzito usipungue tena. Kikiwa kimeshuka kutoka gramu 620 hadi 500, maji yaliyopotea ni gramu 120, yaani asilimia 24 ya uzito mkavu. Mbao hizo bado ni mbichi kwa fanicha.

Mkulima au seremala anayehitaji mwongozo anaweza kuwaendea wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu Nchini (KEFRI), ambayo ina kituo Londiani, katika kaunti jirani ya Kericho. Ni afadhali afanye hivyo kabla ya mti kuangushwa, kwa kuwa ubao uliokwisha kupinda haunyooki tena kwa urahisi.