Nafsi ya Kwanza ya Mkalimani: Shinikizo la Kazi ya Lugha Butembo na Beni, 2018–2020

Waswahili husema mjumbe hauawi. Methali hiyo humchukulia mpeleka habari kuwa chombo tu: maneno si yake, na anayeyasikia hana sababu ya kumkasirikia aliyeyaleta. Mafunzo mengi ya ukalimani humtazama mkalimani kwa jicho hilohilo. Mlipuko wa Ebola uliotokea Kivu ya Kaskazini na Ituri ulionyesha kwamba dhana hiyo ina gharama, na mlipaji wake ni mkalimani mwenyewe.

Mlipuko huo ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, baada ya ugonjwa kugunduliwa Mangina, si mbali na mji wa Beni. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao wamefariki. Ulizuka katika eneo ambalo raia walikuwa wakiuawa kwa makundi tangu Oktoba 2014. Mwishoni mwa Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi iliahirisha upigaji kura Beni na Butembo, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama, na wapo waliohitimisha kwamba ugonjwa ulikuwa umetungwa ili kuwanyima haki yao. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha matibabu cha Katwa kilichomwa moto. Siku tatu baadaye kile cha Butembo kilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani, raia wa Kamerun, aliuawa hospitalini mjini Butembo. Novemba mwaka huohuo, huko Lwemba katika Ituri, mtangazaji wa redio ya kijamii aliyekuwa akiendesha kipindi cha kuelimisha watu juu ya Ebola aliuawa nyumbani kwake. Huyu wa mwisho hakuwa daktari wala mchanjaji. Kazi yake ilikuwa maneno.

Maneno yalipita katika lugha tatu. Taarifa za kitabibu ziliandikwa kwa Kifaransa. Sokoni na mitaani hutumika Kiswahili cha Kivu, chenye upatanisho mwepesi wa ngeli na mikopo mingi ya Kifaransa. Nyumbani, kwa familia nyingi, huzungumzwa Kinande. Mabango yaliyoandikwa kwa Kiswahili cha pwani yalisomeka kama barua ya mgeni. Kazi ya kuunganisha lugha hizo mara nyingi iliwaangukia watu wasioajiriwa kwa jina la mkalimani: muuguzi, mwalimu, mwanafunzi, dereva. Hawakufunzwa ukalimani, na uchovu wao haukuwa na safu katika fomu yoyote.

Istilahi zenyewe zilikuwa na miiba. Mtu mwenye dalili, ambaye Kifaransa humwita kwa neno la shaka, akifasiriwa kuwa mshukiwa huingia katika msamiati wa polisi. Kumweka mgonjwa peke yake kukiitwa kumtenga, familia husikia adhabu ambayo jamii humpa mkosaji. Shughuli nzima ya kupambana na ugonjwa ilijulikana mjini kwa neno la Kifaransa *riposte*, ambalo asili yake ni kujibu pigo. Mkalimani hakuzitunga istilahi hizo, lakini mlangoni mwa mfiwa zilisikika kwa sauti yake.

Jambo zito zaidi, hata hivyo, ni dogo kwa umbo: kiambishi cha nafsi. Kanuni ya ukalimani hudai kwamba msemaji akisema “mimi”, mkalimani naye aseme “mimi”. Mama akieleza alivyomwosha mwanawe aliyekufa, mkalimani hutamka “nilimwosha”. Wakalimani wa Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, iliyoanza kusikiliza ushahidi mwaka 1996, walikutana na mzigo huohuo walipotamka kwa nafsi ya kwanza maneno ya walioteswa na pia ya watesaji. Si bure kwamba Kiswahili huita kategoria hiyo ya sarufi nafsi, neno lilelile la roho ya mtu.

Upande wa pili kuna *tu-*. Daktari mgeni akisema “tutamchukua, tutamzika”, mkalimani aliyezaliwa mtaa huo hutamka “tutamzika” mbele ya watu wanaomjua baba yake. Kiswahili hakina njia ya kisarufi ya kutofautisha “sisi pamoja nanyi” na “sisi bila ninyi”. Kiambishi hicho kimoja humhamisha jirani na kumweka upande wa magari meupe. Jioni gari huondoka, yeye hubaki.

Je, asitumie nafsi ya tatu? “Daktari anasema kwamba…” humpa nafasi ya kupumua, lakini ina mtego. Katika mazungumzo ya kawaida masimulizi hayo huvuta neno *eti*, na *eti* hutia shaka, pengine hata dhihaka. “Eti mtoto ana Ebola” si tafsiri tena, ni hukumu.

Majaribio ya dawa yaliyoanza Novemba 2018 yalizidisha uzito huo. Hadi Agosti 2019 wagonjwa 681 walikuwa wamegawiwa mojawapo ya dawa nne bila daktari wala mgonjwa kuchagua. Neno la karibu kwa utaratibu huo ni bahati nasibu, nalo kwa msikilizaji ni mchezo wa tikiti na zawadi. Matokeo yalipotoka, kwa dawa mbili karibu nusu ya waliozipata walikuwa wamekufa. Kwa nyingine mbili takribani theluthi. Aliyekuwa ameieleza ridhaa kwa Kinande au Kiswahili alibaki akikumbuka nyuso.

Elimu ya nafsi ina majina ya hali hizi. Mwongozo wa matabibu wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unakiri kwamba mtu anaweza kupata kiwewe kwa kukabiliwa mara kwa mara, kazini, na maelezo ya mateso yaliyowapata wengine. Mei 2019 Baraza la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa, inayoutaja uchovu mkuu utokanao na kazi kuwa hali ya kikazi, si ugonjwa. Tofauti hiyo ina maana: kama chanzo ni mpangilio wa kazi, kumpa mkalimani ushauri nasaha pekee ni kutibu homa na kuacha mbu.

Katika vyumba vya mikutano wakalimani hupokezana takribani kila nusu saa. Kwenye kitanda cha mgonjwa au kando ya kaburi hapakuwa na zamu ya namna hiyo, ingawa ndiko ilikohitajika zaidi. Faharasa iliyokubaliwa mapema, ikiwa na “mgonjwa anayesubiri kipimo” badala ya mshukiwa, nayo ni kinga ya msemaji, si pambo la wanaistilahi. Vivyo hivyo muda mfupi kabla ya ziara, mkalimani aambiwe ni habari gani anakwenda kuitoa, na aruhusiwe kusema kwamba kwa familia ile, siku ile, atumwe mwingine.

Katika baadhi ya maeneo ya Kivu ya Kaskazini wenyeji wenyewe walifunzwa baadaye kuzika kwa usalama, wakiwa na mavazi na dawa za kujikinga. Hapo aliyetamka “tutamzika” alikuwa mmoja wa watakaobeba jeneza.