Dracula Alipofukuzwa Kwake

Hapa pwani mtoto mkaidi alitishwa kwa mumiani, mnyonya damu. Wazungu nao wana wao: Dracula, aliyetungwa na Bram Stoker katika kitabu cha mwaka 1897. Kwa miaka mingi senema za Dracula ziliwafanya watu walale taa zikiwaka. Ilipofika miaka ya 1970, watengenezaji wengine wakaona afadhali achekwe.

Mojawapo iliyovuma sana ni "Love at First Bite" ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Stan Dragoti. Humo Dracula, yaani George Hamilton, anafukuzwa katika kasri lake na serikali ya Kikomunisti ya Romania. Anahamia New York na mtumishi wake Renfield, akimfuata msichana aliyempenda kwa kuona picha zake magazetini. Huko, loo, hakuna amwogopaye! Jeneza lake linapotea njia, likafikishwa kwenye mazishi ya mtu mwingine. Daktari atakaye kumwua anampiga risasi za fedha. Kumbe hizo ni za mtu ageukaye mbwa-mwitu.

Leo senema hii imechakaa. Disko lake ni la zamani, na mizaha yake juu ya watu weusi haichekeshi tena. Lakini utamu umebaki, kwani ndani ya kicheko mna mzee mstaarabu, kanyang'anywa nyumba, kaingia mji usiojali adabu zake. Mgeni wa namna hiyo twamjua. Unaanza kwa kumcheka, unaishia kumhurumia. Na umhurumiaye, humwogopi tena.