Mbwa na Paka Nao Hupanda Ndege

Mtu wa Yanonge akiambiwa kwamba kuna mbwa wenye vyeti vya safari, pengine atacheka. Atasema: "Sisi wenyewe twatafuta nauli ya kufika Kisangani, itakuwaje mbwa apande ndege?" Walakini si jambo la mzaha. Kila siku mbwa na paka husafirishwa kwa ndege kutoka nchi hata nchi, na sheria zinazowahusu ni kali. Wapo ndugu zetu waliokwenda kukaa Ulaya au Marekani wanaotaka kumchukua mbwa aliyelelewa nyumbani. Wapo wageni waliofanya kazi kwetu, na siku ya kurudi kwao hawataki kumwacha paka wao. Hawa sharti wazijue sheria. Lakini hata yule ambaye mbwa wake hatavuka mto kamwe, afadhali azisome, kwa maana chini yake limelala jambo linaloihusu kila nyumba yenye watoto.

Mbwa wa Kongo waliovuka bahari

Katika misitu yetu wako mbwa wadogo wenye masikio yaliyosimama, mikunjo ya ngozi kwenye paji la uso, na mkia uliojikunja juu ya mgongo. Hawabweki kama mbwa wengine. Hutoa sauti ya ajabu, kama mtu aimbaye huku akicheka. Kwa sababu ya ukimya wao, wawindaji huwafunga kengele za mti shingoni, wapate kujua walipo wanapowafukuza wanyama kuelekea nyavuni. Wengi wetu huwaita mbwa wa shenzi tu, wala hatuwaangalii mara mbili.

Ughaibuni wameonekana kwa jicho jingine. Mwaka 1895 wawili walifikishwa Uingereza wakaonyeshwa kwa watu, lakini hawakudumu. Walikufa kwa distempa, maradhi ya mbwa ambayo miili yao haikuyazoea. Mwaka 1937 mama mmoja Mwingereza, Olivia Burn, aliwaonyesha mbwa wake kutoka Kongo katika maonyesho makubwa ya Crufts huko London, na watu wakasongamana kuwatazama. Wakapewa jina la basenji, neno la Kongo lililo ndugu wa neno letu "washenzi". Mwaka 1943 chama cha Marekani kiitwacho American Kennel Club kikawakubali kuwa aina kamili ya mbwa, yenye kitabu chake cha ukoo.

Basi, kwa kuwa basenji wote wa Ulaya na Marekani walitokana na wazazi wachache, maradhi ya figo ya kurithi yalienea kati yao. Kwa hiyo mwaka 1987 na mwaka 1988 wafugaji wa Kimarekani walisafiri hadi kaskazini-mashariki ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, wakatafuta mbwa wapya vijijini na kwenda nao kwao. Mwaka 1990 kitabu cha ukoo kikafunguliwa ili hao wageni waandikwe. Mbwa tuliyemdharau akawa dawa ya ukoo mzima.

Lakini tusiwasahau wale wawili wa mwaka 1895. Kifo chao chatufundisha kwamba mnyama hasafiri peke yake. Maradhi nayo husafiri, wala hayalipi nauli. Hapo ndipo sheria zote zilipoanzia.

Abiria asiyeonekana

Adui anayeogopwa kuliko wote ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, humwingia mtu kwa njia ya jeraha la meno au mkwaruzo, kisha hupanda polepole kwa mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu kabla ya kujionyesha. Na ukijionyesha, karibu kila mara mgonjwa hufa. Tangu tarehe 6 Julai 1885, siku Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mwenye umri wa miaka 9, dunia inayo kinga. Hata hivyo yakadiriwa kwamba watu kama 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na karibu wote ni wa Afrika na Asia.

Kwamba ugonjwa huu huweza kupanda ndege, si hadithi. Mwezi wa Juni 2021 mbwa 33 na paka mmoja kutoka Azerbaijan walishushwa katika mji wa Chicago, Marekani. Siku chache baadaye mmoja wa mbwa hao aliugua katika jimbo la Pennsylvania, na uchunguzi ukaonyesha kuwa ana kichaa. Alikuwa na cheti cha chanjo! Ikabidi wenzake watafutwe katika majimbo mbalimbali, na watu waliomgusa wapewe dawa. Kuanzia tarehe 14 Julai mwaka ule, Marekani ikasimamisha kuingizwa kwa mbwa kutoka nchi zaidi ya 100. Msomaji, hapa waona kwa nini wakubwa wa mipaka hawatosheki na karatasi tupu; wanataka damu yenyewe itoe ushuhuda. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni aletaye kifo amevunja adabu ya ugeni.

Mambo yapasayo kufanywa, moja baada ya jingine

Nchi yetu haimo katika orodha ya nchi ambazo Ulaya huzihesabu kuwa salama kwa habari ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo mbwa au paka atokaye Kongo kwenda nchi za Umoja wa Ulaya hupitia njia ndefu, nayo ni hii:

Kwanza, alama. Mganga wa wanyama humtia chini ya ngozi kidude kidogo kama punje ya mchele, kiitwacho maikrochipi, chenye namba yake peke yake. Sharti kitangulie chanjo au kitiwe siku ileile. La sivyo, ni nani atakayehakikisha kwamba mnyama aliyechanjwa ndiye huyu?

Pili, chanjo ya kichaa cha mbwa. Mnyama asichanjwe kabla ya kutimiza majuma 12.

Tatu, damu. Zikipita siku 30 au zaidi tangu chanjo, damu hutolewa na kupelekwa katika maabara inayotambuliwa, mara nyingi mbali sana. Huko hupimwa kama mwili umejijengea kinga ya kutosha.

Nne, kungoja. Tangu siku ya kutolewa damu sharti ipite miezi 3. Wengine hunung'unika hapa. Lakini kumbukeni tuliyosema juu ya ugonjwa kujificha. Ikiwa mnyama aliambukizwa kabla ya kuchanjwa, katika miezi hiyo siri yake itafichuka, naye angali kwao.

Tano, cheti cha afya. Hiki hutolewa na mganga wa wanyama wa serikali, na mnyama awe amefika mpakani katika siku 10 tangu kuandikwa kwake.

Hebu tuhesabu. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa tarehe 1 Januari atachanjwa mapema kabisa tarehe 26 Machi. Damu yake itatolewa tarehe 25 Aprili. Hataingia Ulaya kabla ya tarehe 25 Julai. Ni karibu miezi saba! Mtu akumbukaye mbwa wake juma moja kabla ya safari amekwisha kuchelewa. Tena chanjo isikatizwe: tarehe ya kurudiwa ikipita, kazi yote huanza upya.

Uingereza, ambayo kwa miaka mingi hadi mwaka 2000 ilimfungia karantini ya miezi 6 kila mbwa mgeni, siku hizi hufuata njia iliyo karibu sawa na hiyo. Ila mbwa hupewa pia dawa ya tegu, si chini ya saa 24 wala zaidi ya saa 120 kabla ya kufika. Marekani, tangu tarehe 1 Agosti 2024, haimpokei mbwa aliye chini ya miezi 6. Na mbwa aliyechanjiwa nchi kama yetu sharti atue katika viwanja maalumu vya ndege tu, aangaliwe katika nyumba iliyoandikishwa kwa kazi hiyo, na kama kipimo chake cha damu hakipo, akae karantini siku 28.

Kizimba na siku ya safari

Makampuni ya ndege duniani yana kanuni za pamoja, zitolewazo na chama chao cha IATA. Zaweza kufupishwa hivi: mnyama asafiri bila kuteswa na bila kumdhuru mwingine.

Kizimba kiwe imara, chenye kupitisha hewa pande zake, na mlango usiofunguka ovyo. Mnyama aweze kusimama bila kuinama, kugeuka, na kulala kwa jinsi yake. Kiwe na kitu cha kunyonya mkojo, na chombo cha maji kinachoweza kujazwa kutoka nje. Kiandikwe kwamba ndani yake yumo mnyama hai, na mishale ionyeshe upande wa juu. Fundi seremala hodari aweza kukitengeneza, lakini kwanza apewe vipimo na kampuni.

Paka na mbwa wadogo pengine huruhusiwa kukaa na mwenye nyumba wao, ndani ya mfuko uwekwao chini ya kiti. Makampuni mengi hukubali kilo 7 au 8 pamoja na mfuko. Wakubwa husafiri katika tumbo la ndege, mahali palipotengenezwa wapate hewa na joto la kadiri. Mbwa na paka wenye pua fupi hukataliwa na makampuni mengi, kwa kuwa hupumua kwa shida. Tena ziko ndege zisizochukua wanyama kabisa. Basi uliza kabla ya kulipa nauli, si mlangoni pa kiwanja.

Jambo moja hukosewa na watu wema: kumpa mnyama dawa ya usingizi ili asiogope. Haifai. Dawa hiyo hulegeza moyo na pumzi, na huko juu hakuna wa kumwangalia. Afadhali azoeshwe kizimba majuma kadhaa mapema, alale na kula humo, mpaka akione kuwa nyumba yake. Siku ya safari apewe chakula kidogo saa kadhaa kabla ya kuondoka, na maji. Mwenye paka ajue pia kwamba wakati wa ukaguzi huombwa kumtoa mfukoni. Amfunge mkanda wa kifuani, kwa maana paka aliyeogopa hakamatiki.

Atokaye Yanonge anayo safari kabla ya safari: barabara ya ukingo wa kushoto hadi Lubunga, kisha kuvuka mto kuingia Kisangani, kisha kwenda Bangoka kwenye kiwanja cha ndege. Jua la mchana huua mbwa aliyefungwa kizimbani juu ya pikipiki au chomboni. Asafirishwe alfajiri, afunikwe kivuli, apewe maji njiani.

Na sisi tusiopanda ndege?

Ikiwa mtoto wa Paris au wa Chicago analindwa kwa sheria hizi zote asiumwe na mbwa mwenye kichaa, je, mtoto wa Yanonge achezaye uani na mbwa wa baba yake, yeye nani atamlinda? Katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama washukiwao kuwa na kichaa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto huinama kumkumbatia mbwa. Huumwa usoni na mikononi. Tena pengine huficha jeraha kwa kuogopa kugombezwa.

Ndugu zetu wa Pemba walituonyesha njia. Katika kisiwa kile mbwa walichanjwa kwa wingi, na mwaka 2014 kichaa kikakoma. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Watu hawakukata tamaa. Wakarudia kuchanja, na mwishoni mwa mwaka 2018 kikakoma tena. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Hakuna haja ya kuwaua mbwa wote. Kuwaua tu hakujaumaliza ugonjwa, bali chanjo huumaliza.

Kwa hiyo wazazi, na ninyi wanafunzi, shikeni haya. Siku ya chanjo ya mbwa itangazwapo, msimwache mbwa wenu nyumbani, wala paka. Mtoto aambiwe kwamba akiumwa au akikwaruzwa aseme mara moja, wala hatapigwa. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, bila kupakwa majivu wala majani. Kisha mtu apelekwe hospitali siku ileile apate chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Asingoje mbwa aonyeshe dalili, wala asingoje homa, kwa maana homa ikija dawa imekwisha kupitwa.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa ugonjwa huu kinga ndiyo tiba yenyewe. Cheti cha mbwa aendaye Ulaya huanza kwa sindano moja. Sindano ileile yatosha kumlinda mtoto aliyeketi mlangoni pako. Basi, mbwa wako asipate kuchanjwa kwa sababu ya safari tu. Achanjwe kwa sababu anakaa pamoja nawe.