Goweko hadi Kigoma kwa Ndege: Kweli au Uongo?

Goweko ni stesheni ya Reli ya Kati, wilayani Uyui, kusini-mashariki mwa Tabora mjini. Anayetoka huko akitaka ndege ya kwenda Kigoma huifuata Tabora, na kabla hajafika kiwanjani ameshasikia mengi kuhusu masafa na muda. Tuyapime.

"Tabora hadi Kigoma ni kilomita zilezile, upande treni, upande ndege." Uongo. Kwa reli ni takriban kilomita 410. Kwa mstari ulionyooka, kiwanja hadi kiwanja, ni kama 350. Reli hiyo, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilibidi ifuate ardhi inavyoruhusu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua hesabu hii kabla ya reli. Wao waliangalia kambi, maji na amani ya njiani. Mwaka 1871 njia ya kawaida ya kwenda Ujiji, jirani na Kigoma, ilikuwa imefungwa na vita vya mtawala wa Kinyamwezi, Mirambo, na Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora, kwa hiyo msafara wa mwandishi wa habari Stanley ukazungukia kusini. Aliondoka Kwihara, jirani na Tabora, mwezi Septemba, akaingia Ujiji Novemba. Ujiji ilikuwa palepale. Kilichorefuka ni njia.

"Maili ni maili." Uongo, nao unawapoteza wengi wanaosoma masafa ya viwanja kwenye simu. Marubani hutumia maili ya baharini, yenye mita 1,852. Ya nchi kavu ina mita 1,609. Tabora na Kigoma zimeachana kwa maili za baharini 190 hivi. Ukizizidisha kwa 1.6 unapata kilomita 304, na zaidi ya kilomita 45 zimekupotea.

"Muda wa kwenda ndio wa kurudi." Uongo. Juu ya nyanda hizi, hasa wakati wa kiangazi, upepo mwingi hutoka mashariki. Ndege iendayo Kigoma husukumwa kwa nyuma, irudiyo Tabora hupambana nao. Chukua mfano wa ndege yenye mwendo wa kilomita 500 kwa saa katika upepo wa kilomita 50: kwenda ni dakika 38, kurudi dakika 47. Hapo hatujahesabu kupaa, kushuka, wala mzunguko wa kuitafuta njia ya kurukia ili itue ikiukabili upepo.

"Hewani haifiki saa moja." Kweli, kwa pangaboi kubwa kama Q400 inayokwenda moja kwa moja.

"Basi mtu wa Goweko anafika Kigoma kwa saa moja." Huu ndio uongo unaoniudhi, kwa sababu unamchelewesha mtu aliyelipa nauli yake kwa shida. Saa hiyo inaanzia kwenye lami ya kiwanja. Kabla yake kuna safari ya Goweko hadi Tabora, kuwahi ukaguzi na kupima mizigo. Baada yake kuna kusubiri mizigo. Na ndege ikipitia kiwanja kingine kwanza, hesabu yote inabadilika.

Kwa hiyo, ndugu msafiri, kabla hujakata tiketi uliza mambo matatu: ndege inaruka siku gani, inapitia wapi, na unatakiwa uwe kiwanjani saa ngapi. Kisha anza kuhesabu muda tangu mlangoni kwako Goweko.