Mzigo upimwe pamoja na mbebaji wake

MSIMU wa mahindi ukifika katika kata ya Mazingara, wilayani Handeni, nguvu za kijana hupimwa kwa gunia. Wawili wanalishika chini, wanamtwika wa tatu mgongoni, naye anapanda nalo ubao hadi kwenye bodi la lori. Anayepandisha mengi husifiwa. Uzito wake mwenyewe haumshughulishi mtu.

Ungepaswa kuwashughulisha wote. Kwa mtu wa kilo 90, gunia la kilo 100 limezidi uzito wake kidogo tu. Kwa kijana wa kilo 55, gunia hilohilo linakaribia mara mbili ya mwili wake. Waliotutangulia walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo ilivyo pale sokoni: mnunuzi anahesabu magunia, mbebaji anabaki na mgongo wake.

Wanaonyanyua vyuma kwa ushindani walitambua jambo hili zamani. Katika dedilifti, yaani kuinua chuma kutoka ardhini hadi mtu asimame wima mikono ikiwa imenyooka, hesabu huwa mbili: kilo zilizoinuliwa, na uzito wa aliyeziinua. Mwaka 2020 Hafþór Björnsson wa Iceland aliinua kilo 501 akiwa na uzito uliozidi kilo 200. Ukigawanya, unapata kama mara mbili na nusu ya mwili wake. Mwaka 1985 Mmarekani Lamar Gant, mtu wa kilo 60 hivi, aliinua karibu kilo 300. Hiyo ni mara tano.

Tofauti hiyo ina sababu. Nguvu ya msuli hutegemea unene wake, upana unaouona ukiukata katikati. Mtu akikua kila upande, uzito wake huongezeka haraka kuliko unene huo, kwa hiyo mwenye umbo kubwa hubeba kilo nyingi zaidi, lakini mdogo humshinda kwa kila kilo ya mwili. Ndiyo maana mashindano yana madaraja ya uzito. Hata madaraja yakiunganishwa, mwili huhesabiwa: katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2022 mjini Birmingham, wanyanyuaji wenye ulemavu waliotofautiana uzito waliwekwa kundi moja na kupewa pointi zilizozingatia miili yao. Kwa hesabu hiyo Hellen Wawira Kariuki wa Kenya, mwanamke mwenye umbo dogo, alitwaa shaba.

Kutoka msafara hadi ndoo

Historia ya ubebaji katika bonde la Pangani ni ndefu. Karne ya 19 misafara ya pwani ilipita Korogwe kuelekea bara. Mzigo wa mpagazi wakati huo ulikadiriwa kuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32. Leo mpagazi wa Mlima Kilimanjaro amewekewa ukomo wa mzigo wa kilo 20. Hapa shambani, mtu wa umbo lilelile anatwikwa gunia zima.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 katika jarida la *Nature* uliwapima wanawake wa Kiluo na Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo. Walipobeba hadi sehemu moja ya tano ya uzito wao, miili yao haikutumia nguvu zaidi ya wanazotumia wakitembea mikono mitupu. Mzigo ulipozidi hapo, gharama ilipanda. Sasa tazama ndoo ya lita 20, ambayo maji yake peke yake ni kilo 20. Kwa mama wa kilo 55 imezidi theluthi ya uzito wake. Kwa binti wa kilo 30 ni theluthi mbili. Anayemtuma binti huyo kisimani ampe dumu la lita tano.

Lengo la kijana

Kijana anayejaza saruji kwenye makopo na kuyaunganisha kwa bomba la chuma ili apate chuma cha kuinua ana haki ya kujiwekea lengo kubwa, ila alianzie kwenye mizani. Aanze na nusu ya uzito wake. Kufikia uzito wa mwili mzima ni hatua nzuri ya kwanza. Mara moja na nusu huhitaji miezi mingi ya mazoezi yasiyokatika. Mara mbili ni kazi ya miaka kwa walio wengi. Siku mbili kwa wiki zinatosha, akiongeza kilo mbili na nusu hadi tano pale tu anapomaliza seti zake bila mgongo kupinda. Chuma kikae karibu na miguu, mgongo unyooke, nyonga na mapaja vifanye kazi. Mwenye ngiri, shinikizo la damu au maumivu ya kiuno amwone daktari kwanza.

Mpakiaji hana nafasi hiyo. Mwanamichezo hushika chuma kigumu, huinua mara chache, kisha hupumzika. Mpakiaji anabeba gunia lisilo na mahali pa kushika, analirudia tangu asubuhi, na analipwa kwa idadi. Likiwa la lumbesa, limeongezwa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, linavuka kilo 100 ambazo kanuni za vipimo nchini zimeweka kuwa mwisho. Tunapoizungumzia lumbesa tunamtetea mkulima anayepunjwa bei, na ni sawa. Kilo zilezile zinazompunja mkulima zinapita kwenye uti wa mgongo wa kijana ambaye haongezewi hata shilingi.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mzigo wa mwanamume mzima mmoja ushushwe hadi usizidi kilo 55. Gunia la kilo 50 linatimiza pendekezo hilo, na mikono ya wapakiaji wetu inalijua tayari kwa mfuko wa saruji. Wanunuzi wa mahindi Handeni na Korogwe wafungashe kwa kilo 50 na walipe upakiaji kwa kilo. Halmashauri zisimamie mizani kwenye kila gulio. Kijana naye akanyage mizani hiyo kabla ya kutwikwa, ajue anaombwa kubeba mara ngapi ya mwili wake, na akiona mzigo umezidi aseme hapana.