Bei ya shaba iliganda kwenye simu, na sisi tukaigombania

Asubuhi moja hapa Tenke, kikundi cha wachimbaji wa mkono kilikuja kwetu sindika na hasira. "Banatuiba! Muangalie mwenyewe kwa simu!" Bei ya shaba kwenye simu yao ilikuwa juu kuliko ile ya ubao wa depo. Tukaenda nao kudai haki. Mnunuzi akatoa simu yake: bei ilikuwa imeshuka tangu jana jioni. Simu yetu njo ilikuwa imelala. Rezo ilikatika usiku, namba ikabaki pale pale. Tulirudi na haya.

Si jambo dogo. Kule London, kwenye soko la LME, shaba inahesabiwa kwa dola za Marekani kwa tani. Tuseme kosa ni dola 200. Gari la tani 10 za mawe, yenye shaba asilimia 4, lina kilo 400 za shaba. Hapo kosa ni dola 80, kabla depo haijakata gharama zake. Hiyo ni pesa ya unga na ya masomo ya watoto.

Basi tuliuliza vijana wetu wanaosoma informatiki: namba inafika namna gani kwenye simu, na kwa nini inaganda bila kusema? Walichotueleza ni hiki.

Kwa njia ya zamani programu ya simu inauliza, seva inajibu, mazungumzo yanaisha. Ukitaka bei mpya, uliza tena. Kila swali linakula mega na batri. Mwezi wa 12 mwaka 2011 ilitangazwa kanuni ya njia nyingine, websoketi: mlango unafunguliwa mara moja na kubaki wazi, na kila upande unasema wakati wowote. Bei ikisogea, seva inaituma yenyewe.

Lakini mwenye kubisha hodi ni simu, siku zote. Seva haiwezi kuja kukutafuta nyumbani. Programu inapewa anwani inayoanza na wss://, na ile s ya mwisho maana yake maneno yanasafiri yamefichwa. Ombi la kwanza linafanana na ombi la kufungua ukurasa wowote wa intaneti, ila ndani yake mna maneno "Upgrade: websocket", namba ya toleo, 13, na ufunguo uliotungwa kwa bahati nasibu. Seva ikikubali inajibu 101, pamoja na neno lililohesabiwa kutoka kwa ufunguo ule ule. Programu inalipima. Likiwa si lenyewe, inakata.

Sisi watu wa Tenke hatuwezi kushindwa kuelewa hapo. Treni ikitoka Lubumbashi, hapa kwetu njia zinagawanyika: moja inaenda Kamina, nyingine Kolwezi mpaka Dilolo. Treni ni ile ile, reli njo inageuzwa. Jibu la 101 ni kusema: "Nimegeuza reli, pita." Jibu likiwa 404, anwani ile haipo. Likiwa 401, hujatambuliwa. Reli haikugeuzwa, na programu nzuri inapaswa kukuambia wazi.

Ubaya uko hapa: rezo ikikatika ghafla, hakuna anayeaga. Simu inaweza kudhani mlango bado uko wazi, kumbe hakuna mtu upande wa pili. Ndiyo sababu kuna ping na pong. Upande mmoja unatuma ping, kama kuita "Uko?", na mwingine lazima ujibu pong. Ukimya ukizidi, programu ihesabu mlango umekufa, ibishe hodi upya. Isibishe kama kichaa: ingoje sekunde 1, kisha 2, kisha 4. Rezo ikirudi na simu zote zikagonga kwa pamoja, seva italemewa.

Tena, namba kusimama si kosa kila mara. Jumamosi na Jumapili LME inafungwa. Bei ya Ijumaa inabaki.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Vijana wanaotengeneza programu waweke saa ya bei kando ya bei, na mlango ukifa waandike kwa herufi kubwa: REZO IMEKATIKA. Wenye depo nao waandike tarehe na saa kwenye ubao, si namba tupu. Na sisi wachimbaji, kabla ya kwenda kugomba, tufunge programu, tuifungue tena, tulinganishe simu mbili.

Siku hizi hatuendi depo kabla ya kuangalia saa. Kuna mambo mengi ya kudai pale: mizani, asilimia ya shaba, makato. Tukianza na bei ya jana, hayo mengine hakuna atakayetusikiliza.