Wembe Ndani ya Nywele: Mwanamke Mweusi katika Filamu ya Coffy

Katika biashara ya sinema ya Marekani, filamu za kinyonyaji ni zile zinazotengenezwa haraka na kwa fedha kidogo, zikitegemea damu, ngono na lolote linalovuma mitaani ili kujaza ukumbi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watayarishaji walitambua kwamba Wamarekani weusi walikuwa na kiu ya kujiona kwenye pazia la sinema, na kundi la filamu lililotokana na kiu hiyo likaitwa blaksploitesheni, jina ambalo Junius Griffin, wa chama cha kutetea haki cha NAACP, alilitumia mwaka 1972 kama lawama wala si sifa.

Coffy, iliyoandikwa na kuongozwa na Jack Hill mwaka 1973, ni ya kundi hilo, na hadi leo ina mashabiki wasiochoka kuirudia. Pam Grier, ambaye mama yake mzazi alikuwa muuguzi, anaigiza muuguzi aliyeapa kuwaangamiza wauza unga baada ya mdogo wake wa kike, mtoto wa miaka 11, kuharibiwa na heroini. Mashujaa waliotangulia, kama yule wa Shaft (1971), walikuwa karibu wote wanaume, na wanawake waliwekwa kando yao kama mapambo. Hapa mwanamke ndiye anayepanga, anayewinda na anayeua.

Uzito wa filamu hii, pamoja na kasoro yake, unaonekana wazi katika karamu ya kuwadi King George, ambako Coffy ameingia akijifanya kahaba kutoka Jamaika. Kabla ya ugomvi anaochochea mwenyewe, anaficha nyembe ndani ya nywele zake za afro, na hasimu wake anapozikamata ili amwangushe, anaziachia kwa mayowe huku viganja vikichuruzika damu. Nywele ambazo mwanamke mweusi alishinikizwa kwa miaka mingi azinyooshe ili akubalike, sasa zimekuwa silaha. Hata hivyo, katika ugomvi huohuo magauni yanararuliwa na matiti yanabaki wazi, na kamera haina haraka ya kuondoka. Coffy anashinda, lakini mnunuzi wa tiketi naye anapewa alichokifuata.

Miaka miwili baadaye mwanazuoni Laura Mulvey alikipa kitu hicho jina ambalo kwa Kiswahili laweza kuwa jicho la kiume, yaani desturi ya kamera kumtazama mwanamke kana kwamba kila aliyeketi ukumbini ni mwanamume mwenye tamaa. Ajabu ya Coffy ni kwamba jicho hilo ndilo mtego wenyewe: wanaume wanakufa kwa sababu wamemtazama mwili wakasahau kutazama mikono yake. Hill, kwa dalili zote, aliujua mzaha huo, ila hakuwa tayari kupoteza mapato yatokanayo na jicho analolikejeli.

Kuhusu rangi, filamu haisemi kwamba kila ubaya una sura nyeupe, kwani pamoja na jambazi Vitroni na polisi wala rushwa yumo Howard Brunswick, mwanasiasa mweusi na mpenzi wa Coffy, anayejinadi kuwa mtetezi wa watu wake huku akishirikiana na wauza unga. Nyuma ya kamera hali ilikuwa nyingine: muziki ulitungwa na Roy Ayers, mwanamuziki mweusi, lakini kalamu na uongozi vilikuwa mikononi mwa mzungu mmoja mwanamume.

Mwaka 1975 jarida la kifeministi la Ms. lilimweka Grier kwenye jalada lake, wakati wimbi la filamu hizo likianza kufifia. Alisubiri zaidi ya miaka 20 kabla ya kupewa tena nafasi kuu yenye uzito wa aina hiyo, katika Jackie Brown ya mwaka 1997. Alikuwa na umri wa miaka 48, na safari hii hakutakiwa kubaki kifua wazi.